Siku moja maishani mwangu: mshauri wa kodi, tarehe 19 Septemba

Mimi ni mhasibu mwenye CPA, yaani cheti cha taaluma ya uhasibu, na mshauri wa kodi hapa Dar es Salaam. Wateja wangu wengi walinifahamu kwenye simu zao kabla hatujaonana ana kwa ana, kwa sababu ninaandika na kurekodi mambo ya kodi kwa Kiswahili. Wenzangu wanaoanza ushauri huniuliza siku inakwendaje. Naisimulia tarehe 19 kwa makusudi: kesho yake, tarehe 20, ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani (taarifa za kodi) za VAT, kodi ya ongezeko la thamani, za Agosti, na hapo ndipo kazi ya ofisini na ya mtandaoni hugombania saa zilezile.

Saa 11 alfajiri

Baada ya swala naanza na maswali yaliyoingia usiku, ya Instagram, LinkedIn na WhatsApp. Ninayanakili kwenye daftari kama yalivyoandikwa, maana namna mtu anavyouliza inanionyesha amekwama wapi. Lililojirudia leo ni hili: "Dada, nimetoa mafunzo kwa kampuni moja, tulikubaliana milioni 2, wameniwekea milioni 1.9. Hiyo laki wameipeleka wapi?"

Mada ya leo imepatikana.

Saa 12 asubuhi

Naandika. Hiyo laki ni kodi ya zuio. Kampuni ikimlipa mkazi wa Tanzania kwa huduma kama mafunzo, inakata asilimia 5 na kuipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato, kwa jina lake: 2,000,000 ukitoa 100,000, unabaki na 1,900,000. Wengi huishia hapo, wakanung'unika na kusahau. Lakini laki hiyo haijapotea. Ukidai cheti cha kodi ya zuio na kukitunza, mwisho wa mwaka inapunguzwa kwenye kodi ya mapato unayodaiwa. Usipokuwa na cheti, utajikuta unailipa tena.

Chini yake naweka ujumbe ambao msomaji anaweza kuunakili: "Habari za kazi, ndugu mhasibu. Naomba cheti cha kodi ya zuio kwa malipo ya ankara yangu namba fulani ya tarehe fulani. TIN yangu (namba ya mlipakodi) ni hii." Mistari hiyo mitatu husambazwa kuliko maelezo yangu yote, na ni haki yake. Mtu amepata kitu cha kutumia asubuhi hiyohiyo.

Kabla ya kuposti nafungua sheria, hata kwa kiwango ninachokijua kwa moyo. Sheria ya Fedha huleta mabadiliko kila Julai 1, na posti ya zamani haifi, inaendelea kuzunguka kwenye magrupu. Ndiyo maana kila posti yangu ina mwaka pale juu.

Saa 1 na nusu

Mwendokasi, Kimara hadi Gerezani. Nikipata kiti najibu komenti. Leo nimesimama njia nzima.

Saa 3 asubuhi

Nazima data. Mpaka adhuhuri ni mafaili ya wateja tu: mauzo, manunuzi, risiti za EFD, zile za mashine za kielektroniki. Kwenye faili moja nakuta risiti ya manunuzi makubwa isiyo na TIN wala VRN (namba ya usajili wa VAT) ya mteja wangu. Nampigia palepale: "Kaka, rudi dukani ukaombe waitengeneze upya leo, VAT uliyolipa hapa inaweza kukataliwa isipunguzwe kwenye unayodaiwa." Anakwenda.

Nasema hili kwa uzito: ushawishi wangu wote mtandaoni unatoka kwenye saa hizi ambazo sipo mtandaoni. Anayefundisha kodi bila kugusa vitabu vya biashara halisi ataishiwa cha kusema, kisha ataanza kunakili ya wenzake pamoja na makosa yao.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie, huku nasoma DM. Ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi unataka nirekodi tangazo la "mbinu ya kupunguza kodi kwa nusu". Wanalipa vizuri. Nakataa kwa adabu. Kanuni za maadili za wahasibu, ambazo sisi tuliosajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu, zinatubana, zinataka tunaponadi huduma zetu tuseme kweli, tusitie chumvi wala kumchafua mwenzetu. Ningekataa hata bila kanuni. Anayenisoma anakwenda kulipa au kutolipa hela yake kwa neno langu, na TRA wakimfuata, ule ukurasa hautakuwepo kumtetea.

Saa 8 mchana

Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa mfanyabiashara wa nguo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Mimi nakusoma tangu ule mgomo."

Anazungumzia Juni 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa malalamiko ya kodi. Siku zile niliandika kila jioni, nikieleza kipi kimo kwenye sheria na kipi ni uvumi. Mzee huyu hakuwahi kuniandikia komenti hata moja. Bintiye alikuwa akimrushia posti WhatsApp, naye akizisoma kimya. Wateja wangu wakubwa karibu wote ni wa aina hii, na ndiyo maana siwapimi watu kwa idadi ya kupendwa kwa posti. Anayesoma kimya anakupima pia.

Ana maswali mawili. La kwanza ni la mwanawe, mhandisi mshauri anayefungua ofisi. Ameambiwa asijisajili VAT kwa kuwa mauzo yake hayatafika milioni 200, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 100. Namwambia kiwango hicho hakimhusu: mtoa huduma za kitaalamu anasajiliwa bila kujali mauzo. Hilo halina malipo.

La pili ni vitabu vyake vya miaka mitatu, anataka vipitiwe vyote. Hapo nataja bei, bila kuzunguka. Mpaka wangu ndio huo: swali linalojibika kwa kufungua sheria nalijibu bure na hadharani, linalonitaka nifungue vitabu vyako ni kazi, na bei yake unaisikia siku hiyohiyo. Nimeona washauri wazuri wakichoka na kufunga kwa kujibu yote bure, na wengine wakikimbiwa kwa kulipisha hata salamu.

Saa 10 jioni

Narudi ofisini, narekodi video fupi kuhusu VAT na wataalamu washauri. Simtaji mzee, mwanawe wala mtaa. Natumia mfano wa kutunga na ninasema wazi kwamba ni wa kutunga. Siri ya mteja haigeuzwi kuwa maudhui, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi.

Saa 12 jioni

Ile risiti imerudi ikiwa sahihi. Ritani ya mwisho inaingia kwenye mfumo, natuma uthibitisho kwa kila mteja.

Saa 3 usiku

Watoto wamelala. Namwandikia mzee pendekezo la kazi, kurasa mbili: nitakachofanya, nitakachohitaji kwake, muda, bei. Naongeza jina lake kwenye orodha yangu ya wateja, na pembeni, kwenye safu ya "alitufikiaje", naandika "posti za Juni 2024, kupitia binti". Safu hiyo ndiyo inayoniamulia niandike nini mwaka ujao.

Kuanzia kesho jioni nahamia kwenye awamu ya tatu ya malipo ya makadirio, yaani kodi ya mapato inayokadiriwa na kulipwa kwa awamu ndani ya mwaka, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Septemba. Mwenye swali aniandikie kama linavyomjia, ataje aina ya biashara na mwaka anaouulizia. Picha za vyeti vya TIN tafadhali msinitumie kwenye DM.