Biyombo na dola milioni 17: tupime namna gani?

Hapa Lubumbashi, ukitaja Bismack Biyombo, mtoto wa mji huu aliyecheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ubishi unaanzia kwenye pointi. Mimi huanzia kwenye mgawanyo wa pesa. Mwaka 2016 Orlando Magic walimpa karibu dola milioni 17 kwa msimu, wakati kikomo cha mishahara ya timu nzima NBA kilikuwa kama milioni 94. Hiyo ni asilimia 18 ya mfuko kwa mtu asiyefunga sana.

Walichonunua ni alichoonyesha kwenye mechi za mtoano: akiwa Toronto, aliwahi kudaka ribaundi 26 (mipira iliyokosa kuingia) katika mechi moja dhidi ya Cleveland. Lakini pale alikuwa anaziba nafasi ya majeruhi. Orlando alimkuta Vučević, sentaa (mchezaji mrefu wa chini ya ringi) kama yeye, na Ibaka, mrefu mwingine, akaja kiangazi hichohicho. Watatu chini ya ringi moja! Dakika zitatoka wapi?

Kisha tazama dakika 5 za mwisho. Sentaa anayekosa mitupo huru, wapinzani humchezea faulo makusudi ili arushe yeye, kocha anamtoa, na ulinzi uliolipia unakaa benchi. Anapobaki uwanjani, fuata miguu yake, mpira uuache: anatoka kumzuia mwenye mpira, halafu anawahi kurudi kwenye ringi? Kazi hiyo haionekani kwenye karatasi ya takwimu.