Fainali aliyoiona kwenye nyuso za watu

Jamani, nimetoka kibandani sasa hivi, hapa Busia, na mechi yenyewe hata siikumbuki vizuri.

Wakati wa mapumziko mtu akagusia Kombe la Dunia la 2034, lile FIFA walilowapa Saudi Arabia Desemba 2024 bila mpinzani. Kelele zikaanza. Mmoja akasema pesa imenunua mpira. Mwingine akamkatiza: dada yake yuko Riyadh, kazi za ndani, na ada za watoto zinatoka huko huko.

Hapo nani atabisha?

Basi kaka mmoja, mkimya siku zote, akasema alikuwa mlinzi uwanja wa Lusail, kule Qatar, ile fainali ya Kombe la Dunia 2022. Tukamzunguka. Messi ulimwona?

"Uwanja niliupa mgongo. Kazi yangu ilikuwa kuangalia watu."

Eti mabao ya Mbappé wa Ufaransa, yale mawili ya chapchapu, aliyajua kwa shabiki wa Argentina wa mstari wa mbele: alishika kichwa, akakaa chini, akainuka tena, mikono bado kichwani. Na deni lake huyo kaka kwa wakala aliyempeleka Qatar lilikuwa halijaisha.

Nikamuuliza, 2034 utaangalia?

Akacheka. "Zote. Safari hii nikiwa nimekaa."

Mimi bado nimegawanyika. AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, sisi Uganda na Kenya na Tanzania, na tayari najiuliza walinzi wetu watalipwa ngapi.

Nyie mtaangalia au mtasusa? Wenye ndugu Ghuba, wao wanasemaje?