Siku Moja Wodini: Hewa Ilipovuja Nje ya Pafu

Saa 1:00 asubuhi nilipokea zamu, na mwenzangu wa usiku akanieleza habari za mtoto wa miaka 2 aliyelazwa kwa nimonia kali, akipumulia oksijeni na kudungwa antibiotiki mshipani. Saa 3:00 alikuwa bado anahema kwa kasi, ila maziwa alikunywa.

Saa 5:20 mama yake aliniita: "Sista, mwanangu amebadilika ghafla." Neno "ghafla" hunifanya niache kila kitu, kwa kuwa nimonia kwa kawaida huzidi kidogo kidogo. Midomo ilikuwa na rangi ya samawati, na kifua cha kulia kilikuwa kimetuna bila kuinuka sawasawa na cha kushoto. Nilipoweka stetoskopu upande huo sikusikia pumzi, na daktari alipogonga kwa kidole, palilia kama debe tupu. Kungekuwa na usaha, mlio ungekuwa mzito. Bomba la hewa shingoni lilikuwa limesukumwa kushoto. Pafu lililoharibiwa na maambukizi lilikuwa limetoboka, na hewa ilikuwa ikijaa kati yake na ukuta wa kifua bila njia ya kutokea, ikilifanya pafu linywee na kuubana moyo.

Hali hiyo haisubiri eksirei. Daktari alichoma sindano kifuani akipita juu ya mfupa wa ubavu, kwani mishipa ya damu hufuata ukingo wake wa chini, na hewa ikatoka kwa mlio uliosikika hadi kitanda cha jirani.

Saa 6:30, baada ya ganzi, aliwekewa mrija kifuani uliounganishwa na chupa ya maji. Saa 8:00 eksirei ilionyesha pafu limeanza kutanuka.

Alasiri yote niliilinda chupa. Mama aliogopa mapovu, nikamweleza kwamba ni hewa ya kifuani inayotoka, na kwamba maji huizuia isirudi. Saa 10:15 jamaa mmoja, kwa nia njema, aliinyanyua chupa ili aiweke kitandani. Nilifika mbio, maana ikipanda juu ya kifua maji yanaweza kurudi ndani. Nilipaswa kuwa nimewaeleza wote mapema.

Saa 1:00 usiku nilimkabidhi mwenzangu: maji mrijani yanapanda na kushuka kwa kila pumzi, mapovu hutokea mtoto anapolia tu, na mrija usibanwe.