Mti uliovuliwa majani

Mwaka 2012 nilikuwa Guangzhou nikisoma Kichina, na mwisho wa wiki nikiwakalimania wafanyabiashara wa Kariakoo waliofikia mitaa ya Xiaobei. Jumamosi moja mteja wangu akaniambia mzigo haujatoka kiwandani, niende zangu tu. Mwenzangu wa darasani, binti wa Kivietnam kutoka Sa Đéc, mji wa wakulima wa maua kwenye delta ya Mekong, akasema kama sina kazi basi nimsindikize Xiyuan, bustani ya miti inayotunzwa ibaki midogo vyunguni, iliyomo ndani ya hifadhi ya ziwa Liuhua. Babu yake alikuwa na miti ya namna hiyo uani kwake, na yeye alitaka kumpelekea picha.

Mimi miti hiyo niliijua kwa jina la Kijapani tu, bonsai, nikidhani yote hufungwa waya na kunyongwa mpaka ikubali. Wachina wanaiita penjing.

Tulimkuta mzee kakaa kwenye kigoda mbele ya mti usio na jani hata moja. Nilijua umekufa. Kumbe majani ameyang'oa mwenyewe, moja moja, ili matawi yaonekane. Ulikuwa mti wa miba midogo wanaouita quemei, na shina lake halikuzidi unene wa kifundo cha mkono wangu. Lakini matawi! Kila tawi lilikwenda kidogo, likakata kona, likaenda tena, likagawanyika mawili, likizidi kuwa jembamba hadi nchani. Wenyewe wanayafananisha na pembe za kulungu.

Mzee alisema Kikantoni, sisi tulikuwa na Kimandarini cha darasani, kwa hiyo maelezo mengi yalipita kwa vidole. Alituonyesha mkasi. Waya hakuwa nao. Tawi huachwa likue ovyo, refu la kuchekesha, mpaka unene wake uendane na shina. Ndipo hukatwa, kikabaki kipande kifupi. Macho mapya yakichipua karibu na kovu, anachagua mawili, mengine anayabandua kwa ukucha. Hayo mawili nayo yanaachwa, msimu baada ya msimu, kisha yanakatwa. Alinishika kidole akakipitisha taratibu juu ya tawi moja, na kila nilipogusa kona palikuwa na kovu lililokwisha kufunikwa. Huu ndio mtindo wa Lingnan, yaani wa kusini mwa China, uliopata umbo lake miaka ya 1930 mikononi mwa watu kama Kong Taichu na mtawa Su Ren wa hekalu la Haichuang. Si Wachina wote wanaofanya hivyo. Kule Yangzhou, mashariki mwa China, hufunga vitawi kwa nyuzi za mti wa jamii ya minazi na kuvilaza bapa bapa mithili ya mawingu, na nilipoziona picha zake baadaye sikuvutiwa sana.

Mwenzangu hakuridhika. "Sasa huu unasema nini?" akaniuliza pembeni.

Kwao mti sharti useme kitu. Kaskazini mwa Vietnam, upande wa Nam Định, utakuta mti wa mashina mawili, moja nene na moja jembamba, ukaambiwa hao ni baba na mwana. Na babu yake alikuwa na mmoja wa mtindo wa zamani wa kusini, tam tòng tứ đức: shina limekunjwa mapindo matatu, likabebeshwa matawi manne. Mapindo ni utii wa mwanamke, kwanza kwa baba, halafu kwa mume, halafu kwa mwanawe wa kiume. Matawi ni sifa zake nne: kazi, sura, maneno na mwenendo. Ni mafunzo ya wafuasi wa Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, yamepandwa kwenye chungu. Aliyahesabu yote kwenye vidole, kisha akakunja uso. "Na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuumwagilia maji."

Nilicheka mpaka mzee akageuka. Kwetu tunasema samaki mkunje angali mbichi, na yule babu wa Sa Đéc angeafiki bila kusita. Huyu wa Liuhua hakukunja chochote, alikata, akangoja. Kusema kweli mti wake ndio ulionikaa. Ule wa mafunzo ukishausoma umeumaliza. Ila nakiri kwamba mbele ya mti wa babu hata mtoto ana la kuuliza, wakati mbele ya ule wa mzee mimi mwenyewe nilihitaji kushikwa kidole.

Jioni mwenzangu aliipeleka picha nyumbani, na baadaye babu akapiga simu. Swali lake la kwanza lilikuwa mti una ugonjwa gani. Akaelezwa kwamba majani yamevuliwa makusudi. Hapo akaelewa mara moja, kwa sababu katikati ya mwezi wa 12 wa kalenda yao yeye pia huuvua majani mti wa mai ili uchanue manjano sikukuu ya Tết, mwaka mpya wao.

"Vizuri," akasema. "Sasa maua yatatoka lini?"

Binti alinitazama. Maua ya quemei ni madogo hata huyaoni. Akamwambia babu mtandao unakatika.