Mabango yalinishinda, Ngomeni ikaniokoa

Mtu akikushauri ubandike ukutani picha za wanawake wa sayansi "ili watoto wazizoee", mpe maji anywe, umwache aende zake. Mimi nilimsikiza. Ndugu yetu mmoja, mwalimu, alitoa amri kwenye kundi la familia: chapisha picha kubwa, chini uandike jina, mwaka na tuzo, kila jioni watoto wakariri mmoja. Nikaenda saiba, nikachapisha za rangi, ikanitoka kama mia tano na ushei. Kwa muuza viazi karai wa Shella, hapa Malindi, kama mimi, hizo si pesa za kuchezea.

Haukupita muda Marie Curie akaota masharubu. Mwenzake akatoweka ukutani, nikamkuta uani anapepea mkaa wa mishkaki. Jioni ya mtihani nikamwuliza mtoto wa kaka yangu, "Haya, Marie Curie alifanya nini?"

"Alishinda."

"Alishinda nini?"

Akatazama dari, akanitazama mimi. "Alishinda njaa, shangazi. Mara mbili. 1903 na 1911."

Mamangu alicheka mpaka akashika ubavu. Na miaka kijana kaishika barabara, hilo simnyimi. Lakini kwamba alichoshinda ni tuzo ya Nobel, ile ya kwanza ya fizikia na ya pili ya kemia, na kwamba huyo mama alihangaika na matani ya mawe ili apate chembe ya radiamu, metali inayotoa miale, wapi! Mabango nikayatoa yote.

Mlango ulifunguliwa na homa. Binti yangu alipimwa, akakutwa na malaria, akapewa vile vidonge vya manjano, na kama kawaida yake akafumba mdomo. Nikamwambia, aliyeitafuta dawa iliyozaa kidonge hiki aliinywa mwenyewe kwanza, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Akakaa kitako. "Nani huyo?"

Basi nikammiminia. Tu Youyou, mama wa Kichina, alipekua vitabu vya waganga wa kale, akakuta maandishi ya zaidi ya miaka 1,600 yanayosema mmea mmoja wa kutibu homa uuloweke, uukamue, unywe maji yake. Hayakusema uchemshe. Akang'amua kwamba moto ndio ulioiua dawa. Akaitoa kwa etha, kimiminika ambacho huchemka kwa joto dogo tu, nyuzi 35 hivi, na mwaka 1971 panya wa maabara wenye malaria wakapona. Nobel akaipata 2015, mvi kichwani.

Sauti ikatoka jikoni: "Kwa hivyo mwasema mimi mwarobaini wangu nachemsha bure?"

"Hapana, mama, ule ni mmea mwingine, jamii ya pakanga."

Akasonya. Lakini usiku ule watoto walibishana juu ya moto na dawa mpaka nikawazimia taa. Kidonge kilimezwa, nimesahau kusema.

Hapo nikajua pa kupita: kitu kwanza, mtu baadaye. Shule zilipofunga Desemba nikawabeba kwenda Ngomeni, kijiji cha pwani kaskazini mwa Malindi. Matatu mpaka Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, kisha tuktuk, bei mtaelewana, ila usikubali ya kwanza. Majirani walinikatisha tamaa: mtafika mtazame nini, San Marco, kile kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi, hamuingii. Sikutaka kuingia. Ufukweni kule unayaona majukwaa yamesimama baharini na miguu yake ya chuma, yanatosha.

Nikawaketisha mchangani, mabuyu mkononi, nikaanza. Tarehe 12 Desemba 1970, hapo hapo mnapopaona, roketi ilipaa na setilaiti ya kilo 140 hivi, haifiki mifuko mitatu ya simiti. Kwa nini hapa? Kwa sababu tuko karibu na ikweta, na dunia ikizunguka inaisukuma roketi, mafuta yanapungua. Kazi ya setilaiti ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. (Hapa mmoja akainua mkono uliowahi kuvunjika, "Kama ya hospitali?" Ndiyo, baba, kama hiyo.) Hewa yetu inazizuia zisifike chini, kwa hivyo lazima upande juu. Ilihesabu vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya kimoja kiitwacho Cygnus X-1 viliwafanya wataalamu washuku kuna shimo jeusi pale, kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hautoki.

Muda wote huo nilikuwa nataja "mkuu wa mradi". Mkuu aliagiza hivi, mkuu akaamua hivi, na kwa kuwa siku ile Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, mkuu akaipa setilaiti jina Uhuru. Kiswahili chetu kinaficha siri vizuri. Nikasema, haya, mchoreni mkuu mchangani. Wakachora. Tai, kipara, kitambi, mmoja kamchora na sigara. Hata binti yangu! Nikanyamaza kama paka, nikatoa simu, nikawaonyesha picha: Marjorie Townsend wa NASA, shirika la anga la Marekani, mwanamke wa kwanza kusimamia mradi wa setilaiti huko kwao. Ungeona walivyofuta kipara kwa miguu.

Ushauri ukitaka: simu ichaji kabla, na kofia, kivuli hakuna.

Mtoto wa kaka yangu akanuna kidogo. "Na wanaume hawakufanya kitu?" Nikamwambia wapo, mwanasayansi mkuu alikuwa Riccardo Giacconi, kwa kazi ya eksirei akapewa Nobel 2002. Akatulia, roho kwatu.

"Na yule mama?" akauliza binti yangu.

"NASA walimpa nishani."

"Nobel?"

"La."

Yeye naye akanuna, na hakusema neno mpaka Gongoni, ambako alitaka kujua hizo barua za malalamiko ya Nobel hupelekwa wapi.