Nilivyoivuka saikolojia ya makuzi chuoni bila kumeza madesa

Ukisomea ualimu chuo kikuu, saikolojia ya makuzi, yaani somo la jinsi mtu anavyokua kiakili na kitabia tangu utotoni, huikwepi. Kwetu ilikuja mwaka wa kwanza. Ukumbi umejaa hadi wengine wamekaa kwenye ngazi, mhadhiri anapitisha slaidi za wataalamu walioyagawa makuzi kwa hatua: Piaget hatua nne, Freud hatua tano, Kohlberg hatua sita, Erikson hatua nane. Kila hatua ina jina lake na umri wake. Mhula haujachanganya, stesheneri ya nje ya geti wameshaanza kuuza madesa ya mwaka uliopita, kozi nzima imebanwa kwenye kurasa chache, na wengi wakishayanunua wanaona kazi imekwisha. Unameza, unatema kwenye UE, mtihani wa mwisho wa mhula, unasubiri matokeo.

Mimi kichwa changu hakishiki orodha. Nikisoma kwamba mtoto wa miaka miwili hadi saba hawezi jambo fulani, naanza kubishana na karatasi: nani kasema? Alimuuliza mtoto gani? Basi nikaamua kuisoma kozi yote kwa swali hilohilo. Nilichukua daftari moja kubwa, kila nadharia nikaipa ukurasa wake, na juu ya ukurasa naandika kwanza mambo manne: nani alifanya utafiti, wapi, kwa watoto gani, na aliwafanyisha nini hasa. Hatua na umri nikaziweka chini kabisa, nikibakiwa na nafasi.

Utashangaa nadharia zinavyobadilika sura ukizisoma hivyo. Yale Piaget aliyoandika kuhusu miaka miwili ya mwanzo ya mtoto, kwa sehemu kubwa aliyapata kwa kuwachungulia wanawe watatu, Jacqueline, Lucienne na Laurent, huko Uswisi. Kohlberg, aliyechunguza watu wanavyopambanua jema na baya, alianza na wavulana 72 wa eneo la Chicago, Marekani. Wavulana watupu. Ukilijua hilo, hoja za mwanasaikolojia Carol Gilligan za mwaka 1982 kwamba wasichana waliachwa nje ya hesabu huhitaji tena kuzikariri, kwa sababu umeziona zikija. Kwa Freud sikukaa sana, na sijutii.

Daftari peke yake lisingetosha, nilitaka kuona kwa macho. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba uswahilini, nyumba moja wapangaji kibao na watoto wao. Nikaomba ruhusa kwa mama zao, wakacheka, wakaniambia chukua hata wote, utatupumzisha. Jaribio la kwanza likawa lile maarufu la Piaget la vimiminika: glasi mbili zinazolingana, juisi ya ukwaju kiasi kimoja, mtoto akubali kwanza kwamba ni sawa, kisha mbele ya macho yake unamimina moja kwenye glasi ndefu nyembamba.

Mjukuu wa mama mwenye nyumba, wa miaka mitano hivi, alikagua glasi kwa kuinama hadi kidevu kikagusa meza.

"Sasa ipi ina juisi nyingi?"

"Hii," akaonyesha ile ndefu.

"Kwa nini?"

"Si imefika juu, anti."

Dada yake wa darasa la tatu akamcheka: "We naye! Kwani ameongeza? Si amemimina tu?"

Hapo ndipo nilipoelewa Piaget alikuwa anazungumzia nini. Jibu la yule dada ndiyo hatua ya utendaji halisi yenyewe: anaweza kuirudisha juisi ilikotoka ndani ya kichwa chake. Tangu siku ile sijawahi kuichanganya na hatua iliyotangulia, ile aliyokuwa nayo mdogo wake.

Lakini kuna jambo lilinisumbua. Mdogo mtu, kila nilipomuuliza mara ya pili, alinitazama usoni kwanza kabla ya kujibu. Kwetu mtu mzima akikuuliza kitu kilekile mara mbili, maana yake umekosea. Nikaingia maktaba kutafuta kama kuna mwingine aliyeliona hilo, nikakuta wamelijadili kitambo. Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank walionyesha kwamba watoto wa miaka sita, wakiulizwa mara moja tu baada ya mabadiliko badala ya kabla na baada, wanapatia zaidi. Na huko Scotland, James McGarrigle na Margaret Donaldson walimleta mdoli mtundu akaivuruga safu ya vitu yeye mwenyewe, na watoto wengi ambao kwa njia ya kawaida wangesema idadi imebadilika wakasema ni ileile. Mtu mzima akivuruga, mtoto anadhani kuna sababu. Mdoli akivuruga, ni utundu tu.

Sikuwa na mdoli. Nilipanga vizibo vya soda safu mbili sakafuni, nikamwachia mtoto mchanga wa jirani atambae katikati. Alizisambaza kwa raha zake. Nikamuuliza bwana mdogo wangu, vipi, zipi nyingi? "Zilezile, huyu kavuruga tu," akasema, akaanza kuzipanga upya kwa hasira.

Niliyaandika haya kwenye kazi ya semina nikiwa na furaha kweli. Mwalimu wa semina akanipa alama nzuri na akaandika pembeni kwamba watoto wawili wa nyumba moja ni mfano, si ushahidi. Nimelishika hilo. Ukifanya kama nilivyofanya mimi, tumia watoto wa nyumbani kukufundisha wewe nadharia, usiwatumie kuipinga. Kazi ya kupinga waachie watafiti waliofanya kwa utaratibu, nao ni wengi, na baadhi walifanya kazi hapahapa jirani.

Hii ndiyo sehemu ambayo madesa hayaigusi, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Mary Ainsworth, ambaye kwenye slaidi anatajwa na chumba cha maabara cha Baltimore, Marekani, alikopima uhusiano wa mtoto na mama yake, mama anatoka, mgeni anaingia, mtoto analia, hakuanzia Baltimore. Alifika Uganda mwaka 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi Kampala, akaanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na mji, kila baada ya wiki mbili hivi, anakaa saa mbili, anaangalia tu mama na mtoto wanavyoishi. Huko ndiko alikoona mtoto akitambaa kwenda kuchunguza vitu, kisha anarudi kwa mama kuhakikisha yupo, anaondoka tena. Wazo kwamba mama ni kituo salama cha mtoto kuanzia safari zake, ambalo leo linafundishwa dunia nzima, sehemu kubwa ya ushahidi wake wa mwanzo ni watoto wa Kiganda. Kitabu chake juu yao kilitoka 1967. Nilipowaambia wenzangu kwenye kikundi cha majadiliano, mmoja akasema mbona hatujaambiwa? Kusema kweli slaidi haiwezi kubeba kila kitu, ila hili lingestahili hata mstari mmoja.

Na ukishajua alianzia vijijini, unaweza kuuliza vizuri zaidi kuhusu maabara. Katika nyumba kama yetu, mtoto anapokezanwa tangu asubuhi: huyu anamuogesha, yule anambeba mgongoni wakati mama yuko sokoni. Mtoto asiyelia mama anapotoka, anaonyesha nini hasa? Japani walikutana na upande wa pili wa swali hilohilo. Watoto ambao karibu hawaachwi kabisa na mama zao walilia sana maabara, hadi watafiti wakajiuliza kama jaribio lilikuwa linapima uhusiano au linapima ugeni wa hali yenyewe.

Mwingine ni Charles Super, aliyefanya kazi na Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, miaka ya 1970. Kulikuwa na maneno mengi ya wataalamu wa nje kwamba watoto wa Kiafrika huwahi kimwili, kana kwamba ni jambo la damu. Super akaangalia ni kipi hasa wanachowahi. Akakuta wanawahi kukaa na kutembea, lakini si kutambaa. Kisha akaangalia mama wanafanya nini: wanawafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, wanawaegemeza, wanawapa mazoezi kila siku. Kutambaa hawafundishi. Nilimpigia bibi simu kumuuliza sisi tulifunzwaje kukaa. Akanieleza anavyozungusha khanga kama ngata kubwa, anamkalisha mtoto katikati, anamwongeza muda kidogo kidogo. Akashangaa hilo nalo linasomewa chuo kikuu.

Kwa Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi, sikuhitaji jaribio lolote. Alifariki 1934 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37, na kitabu chake kikuu kilipata tafsiri ya Kiingereza mwaka 1962 tu. Anachosema ni kwamba kati ya yale mtoto anayoyaweza peke yake na yale anayoyaweza akisaidiwa kuna nafasi, na kujifunza kunafanyikia hapo. Mtazame binti akifundishwa kukuna nazi: mkubwa anashika kifuu pamoja naye, anamwonyesha kukizungusha, halafu anaachia mkono mmoja, kisha wa pili, bila kutangaza.

Iliyobaki ni mada ya mbinu za utafiti, na hapo ndipo wengi walipoachia alama. Kufuatilia mtoto mmoja kwa miaka, au kulinganisha watoto wa umri tofauti siku moja? Kilichonifungua ni kadi ya kliniki. Kadi ya mtoto mmoja yenye nukta za uzito kila mwezi ni ufuatiliaji: unaona mwezi aliougua mstari ulivyoshuka. Sasa nenda kliniki siku moja, pima wa miezi sita, wa mwaka, wa miaka miwili, uchore mstari. Utapata mchoro unaopendeza, lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyeupita. Na kama wale wa miaka miwili walizaliwa mwaka wa njaa, mchoro wako utakudanganya kabisa. Faida na hasara za kila mbinu nilizitoa humo.

Mtihani ulipokuja, swali la lazima lilitaka tujadili kama nadharia ya Piaget inamfaa mtoto wa Afrika Mashariki. Waliomeza madesa waliandika hatua nne na umri wake, wakamalizia kwamba inafaa. Mimi hatua nilizitaja kwa ufupi, nikaenda kwenye namna maswali yanavyoulizwa, nikawaweka Rose na Blank, McGarrigle na Donaldson, nikamwingiza Super kuonyesha kwamba kinachowahi ni kile kinachofundishwa. Umri wa hatua moja nilikuwa nimeusahau, nikauruka. Nikapata B+.