Boila mpya: anza na nyumba, si na kibandiko cha boila ya zamani

Makosa mengi ya boila, mtambo wa gesi unaopasha maji ya radiata na ya kuogea, hufanyika kabla haijatolewa kwenye boksi. Fundi anaingia, anainama kusoma kibandiko cha boila ya zamani, anaona kilowati 28, anapendekeza ya 30 ili baridi isije ikakushinda. Dakika tano, kazi imekwisha. Hajauliza kuta zimejengwa kwa nini, madirisha yana kioo kimoja au viwili, wala mabafu ni mangapi. Kibandiko hicho kinaonyesha tu alichokisia fundi aliyemtangulia, pengine kabla dari halijawekewa sufi ya kuzuia joto lisitoke.

Boila iliyozidi haipashi chumba joto zaidi, maana joto la chumba linaamuliwa na radiata (vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji moto) na thamostati, kidhibiti cha joto. Inachofanya ni kuwaka na kuzima. Maji yanafikia joto lililowekwa kwa dakika mbili tatu, moto unazimika, maji yanapoa, unawaka tena. Kila inapotaka kuwaka, feni hupuliza kwanza hewa ndani ya chumba cha moto na joto lililobaki humo hutupwa nje. Feni, kiwashio na vali ya gesi huchakaa haraka, na gesi inaliwa bure.

Kipimo cha kweli ni joto linalopotea. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, kimo mita 2.5, chenye kuta mbili zinazotazama nje. Kuta hizo zina mita za mraba 22.5, toa dirisha la mita za mraba 3, zinabaki 19.5. Ndani unataka nyuzi 21, nje tuseme ni nyuzi 2 chini ya sifuri, kwa hiyo tofauti ni 23. Ukuta wenye kihami joto kizuri hupitisha kama wati 0.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti: 19.5 × 0.5 × 23 ni wati 224. Dirisha la vioo viwili la aina ya zamani hupitisha kama 2.8, hivyo ni wati 193. Hewa nayo hutoka na nyingine kuingia. Ikibadilika yote mara moja kwa saa, zidisha ujazo wa chumba, mita 50 za ujazo, kwa 0.33 (joto linalobebwa na kila mita ya ujazo ya hewa kwa kila nyuzi) kisha kwa 23: wati 380. Sakafu iliyo juu ya ardhi ikiongezwa, chumba chote kinahitaji karibu kilowati 1.1. Ukuta huohuo ungekuwa wa tofali tupu zisizo na kihami, ungepitisha kama wati 2, na peke yake ungekula karibu wati 900. Tazama pia upande wa hewa: katika chumba chenye kihami, kuziba nyufa za milango kunaweza kuokoa zaidi ya kuhangaika na ukuta.

Rudia hesabu kwa kila chumba, jumlisha. Nyumba nyingi za familia zenye kihami cha kawaida huishia kati ya kilowati 6 na 10, na watu hushangaa sana wakikumbuka ile 28 iliyoning'inia ukutani.

Kama huamini karatasi, iulize mita ya gesi. Siku ya baridi kali isome asubuhi, isome tena baada ya saa 24. Mita ya ujazo moja ya gesi asilia hutoa takriban kilowati-saa 10 hadi 11. Ukikuta umetumia kilowati-saa 150, na boila yako ya zamani inafikisha asilimia 85 ya joto hilo kwenye maji, basi 150 × 0.85 ÷ 24 ni kilowati 5.3 kwa wastani. Humo kuna hata gesi ya kupikia na ya kuogea.

Ndiyo sababu kwenye kijitabu cha boila namba ya kutafuta kwanza ni ile ya chini, isiyoandikwa kwenye matangazo: boila inaweza kupunguza moto wake hadi kilowati ngapi? Nyumba inayohitaji kilowati 6 nje kukiwa nyuzi 2 chini ya sifuri inahitaji chini ya 3 tu nje kukiwa na nyuzi 10. Siku za namna hiyo ndizo nyingi katika msimu. Boila inayoshuka hadi 2.5 itawaka taratibu mchana kutwa. Isiyoweza kwenda chini ya 7 itakuwa ya kuwaka na kuzima.

Maji ya kuoga yana hesabu yake, na mara nyingi ndiyo yanayolazimisha boila kubwa. Boila kombi haina tangi, huchemsha maji yanapopita. Lita 10 kwa dakika, zikipandishwa nyuzi 35, zinahitaji kilowati 24 na kidogo. Kilowati 35 zitakupa kama lita 14. Angalia mtego hapa: baadhi ya watengenezaji huandika lita kwa ongezeko la nyuzi 30, wengine 35, kwa hiyo usilinganishe namba mbili kabla ya kuona zimepimwa kwa lipi. Kisha chukua ndoo ya lita 10 ujaze kwa bomba la baridi lililo karibu na mahali maji yanapoingilia nyumbani. Ikichukua sekunde 75, unapata lita 8 kwa dakika, na hakuna kombi duniani itakayozigeuza kuwa 14. Penye mabafu mawili yanayotumika kwa wakati mmoja, mimi ningeweka boila ya kawaida na tangi la lita 150 hadi 200, maji yakihifadhiwa kwa nyuzi 60 ili bakteria wa Legionella wasizaliane. Kombi kubwa haina ubaya ikiwa menyu yake inaruhusu upande wa radiata kuwekewa kikomo, tuseme kilowati 8, huku upande wa maji ya kuoga ukibaki na nguvu zote. Tatizo ni kwamba mafundi wengi huiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Kuna jambo jingine huachwa vivyo hivyo: joto la maji yanayokwenda kwenye radiata. Boila za siku hizi hutonesha mvuke uliomo kwenye moshi na kuvuna joto lake, lakini kwa gesi asilia hilo hutokea tu maji yanayorudi kwenye boila yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Ukiyatuma yakiwa 80 na yakarudi 65, umelipia boila ya kisasa na unaitumia kama ya kizamani. Yatume kwa 55 hadi 60. Radiata zitatoa joto pungufu: iliyopimwa kiwandani kwa maji ya wastani wa nyuzi 70, ikipata wastani wa 50 hutoa takriban nusu. Kama ziliwekwa kubwa zamani, zitatosha. Kama hazitoshi, badilisha ya chumba kimoja kinachochelewa kupata joto badala ya kupandisha joto la nyumba nzima.

Sasa fundi. Leseni ya gesi si hiari. Uliza namba yake, itafute kwenye orodha ya mamlaka inayozitoa, na uhakikishe inagusa aina ya kifaa unachofunga, kwani wengine wameruhusiwa majiko tu. Baada ya hapo mtazame anachotoa mkobani. Anayepima vyumba, akafuata bomba la gesi kutoka kwenye mita hadi boila, akauliza maji ya eneo lenu yana chokaa kiasi gani, huyo mpe nafasi ya kuandika bei. Bomba la gesi huponza wengi: la milimita 15 lililotosha boila ndogo huenda likaibana kombi mpya ikifungua moto wote, hasa pakiwa na kona nyingi. Kulibadilisha ni kazi ya nusu siku, na asiyelitaja kwenye bei ataliacha au atakudai baadaye.

Kwenye karatasi ya bei nataka kuona modeli kamili ya boila, njia ya kusafisha mabomba, chujio lenye sumaku, dawa ya kuzuia kutu, kihisi cha joto la nje au thamostati inayoongea na boila, na nani ataijaza dhamana. Ikiandikwa "boila na ufungaji" basi, irudishe. Dhamana ndefu kwa kawaida hubatilika pasipo ushahidi wa usafishaji na huduma ya kila mwaka.

Usafishaji ndiyo sehemu inayorukwa zaidi. Maji meusi ya radiata kuukuu ni vumbi la chuma kilicholiwa na kutu. Njia za maji ndani ya kibadilisha joto cha boila mpya, yaani sehemu ambamo moto hupasha maji, ni nyembamba. Tope hilo huziziba, boila inaanza kunguruma kama birika, na pampu hukwama. Mabomba yasafishwe kabla boila mpya haijaunganishwa, chujio likae kwenye bomba la kurudi, na dawa ipimwe kwa ujazo wa maji. Nyumba ya radiata 8 hadi 10 hubeba takriban lita 100.

Maji yanayotoneshwa ni ya asidi, kwa hiyo bomba lake liwe la plastiki, kamwe si shaba, likiteremka karibu milimita 45 kwa kila mita. Kipande kilicho nje kiwe kifupi, kinene, kimefungwa kihami. Kikiganda, boila huzima usiku wa baridi kuliko zote. Bomba la moshi lililolala, kinyume chake, liiname kurudi kwenye boila.

Siku ya kuwasha, fundi achomeke kipima moshi na akuachie chapisho lake. Kwa gesi asilia kaboni dioksidi huwa karibu asilimia 9, na uwiano wa kaboni monoksidi kwa kaboni dioksidi usizidi 0.004. Kengele ya kaboni monoksidi iwe chumba hichohicho, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye boila.

Mfumo ukiwa wa baridi, geji ya shinikizo la maji isome bar 1 hadi 1.5. Wiki za mwanzo itashuka kidogo hewa inapotoka, hilo ni kawaida. Ikipanda karibu 3 kila boila inapopata moto, kisha ikaanguka ikipoa, tangi la upanuzi, chombo chenye hewa kinachopokea maji yanapotanuka, limepoteza hewa yake. Bonyeza pini ya vali yake, na likitoka tone la maji badala ya hewa, mpira wa ndani umepasuka. Ikianguka tu bila kupanda, mahali fulani pamevuja. Kwa vyovyote usizoee kufungua koki ya kujazia kila Jumamosi: kila maji mapya yanaleta oksijeni, na dawa uliyolipia inazidi kuwa nyepesi.